Mwenye Tanuri na Mwenye Mgodi

Uhandisi wa metali ni elimu ya kuitoa metali ndani ya jiwe na kuifanya bidhaa, na katika Unyamwezi elimu hiyo ilikuwa na manufaa tangu zamani za misafara. Majembe yaliyofuliwa na Warongo, wahunzi wa kusini-magharibi mwa Ziwa Viktoria katika nchi ambayo leo ni Geita na majirani zake, yalichukuliwa na wapagazi hadi soko la Tabora kwa kupitia nchi za kaskazini mwa mji huo, upande ambako sasa Isikizya ni makao makuu ya Wilaya ya Uyui. Jembe hilo lililimiwa, lilitolewa mahari, na katika biashara lilishika nafasi ya fedha.

Kazi ya tanuri inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu wengi hudhani kwamba mhunzi wa kale aliyeyusha chuma kama mtu anavyoyeyusha samli. Katika tanuri la udongo lililovuviwa kwa mivukuto, mkaa ulifanya kazi mbili kwa pamoja, yaani kutoa joto na kuyapokonya mawe oksijeni iliyoshikamana na chuma. Takataka iitwayo mavi ya chuma ndiyo iliyoyeyuka na kujitenga, na chuma chenyewe kikabaki bonge gumu lililohitaji kufuliwa tena na tena. Fundi mkuu alichagua mawe, alijua mti gani unatoa mkaa mzuri, aliwaongoza wavukutaji, alisimamia miiko ya kazi, na mazao ya tanuri yalipita mikononi mwake. Alikuwa mhandisi na mkurugenzi kwa wakati mmoja, na huo ndio muungano uliovunjika pale majembe ya bei nafuu kutoka Ulaya yalipofika na matanuri yakazimika.

Mkoa wa Tabora uliiona metali ikirudi kwa sura nyingine mwaka 1998, pale mgodi wa Golden Pride, uliomilikiwa na kampuni ya Resolute ya Australia, ulipoanza kutoa dhahabu karibu na Nzega, ukiwa mgodi mkubwa wa kwanza wa kisasa nchini baada ya sekta hiyo kufunguliwa kwa wawekezaji. Katika mgodi wa aina hiyo mawe huvunjwa, husagwa hadi yawe laini kama unga, kisha huchanganywa na maji yenye sianidi, kemikali inayoiyeyusha dhahabu. Dhahabu hiyo hunaswa na punje za kaboni, huondolewa humo kwa kemikali na umeme, na mwisho hutiwa tanurini na kutoka ikiwa tofali.

Ajira ya mhandisi wa metali huanzia hapo, katika zamu za usiku kando ya mtambo wa kusaga, akipima kiasi gani cha dhahabu kimepatikana na kiasi gani kimekwenda na marudio, yaani mabaki ya mchanga. Tuseme mtambo unasaga tani 8,000 kwa siku na kila tani ina gramu 2 za dhahabu: upotevu ukiongezeka kwa asilimia mbili tu ya dhahabu yote, kampuni inapoteza gramu 320 kila siku, ambazo kwa mwaka hupita kilo 116. Mwenye kuziokoa gramu hizo ndiye anayepandishwa kuwa msimamizi wa mtambo, na baadaye huenda akawa meneja wa mgodi mzima.

Hata hivyo, kulijua jiwe hakutoshi. Sam Jonah wa Ghana, ambaye taaluma yake ni uhandisi wa migodi, aliwahi kuwa kibarua wa chini ya ardhi huko Obuasi, akasoma Uingereza, na mwaka 1986 akawa mkuu wa kampuni ya dhahabu ya Ashanti, ambayo chini ya uongozi wake ilianzisha mgodi wa Geita, katika nchi ileile ya Warongo. Mwaka 1999 bei ya dhahabu ilipanda ghafla, na mikataba ambayo Ashanti ilikuwa imefunga ili kujikinga na kushuka kwa bei ikageuka mzigo wa madeni. Mwaka uliofuata nusu ya Geita iliuzwa kwa AngloGold, na mwaka 2004 kampuni hizo mbili zikaungana. Miamba ya Geita haikuwa na kosa lolote katika jambo hilo.

Watanzania walikutana na somo kama hilo mwaka 2017, Serikali ilipozuia usafirishaji wa makinikia, yaani mchanga uliorutubishwa wenye shaba, dhahabu na fedha, na swali la kiufundi kuhusu kilichomo ndani ya makontena ya mchanga huo likawa swali la taifa zima. Nchi inahitaji watu wake wenyewe katika maabara na pia katika vyumba ambamo mikataba husainiwa, na ni afadhali wawe watu walewale.

Golden Pride ilipofungwa, eneo lake lilikabidhiwa kwa Serikali kwa ajili ya mafunzo ya Chuo cha Madini. Walimu wa kemia na fizikia wa sekondari za Uyui wawapeleke wanafunzi wao Nzega, walau kwa siku moja, wakaione kazi ya metali kwa macho yao.