Kivuli cha Apophis: Kufichwa kwa Nyota na Usahihi wa Obiti
Asteroidi ipitapo mbele ya nyota, hutupa duniani kivuli chenye upana unaokaribia wake yenyewe. Apophis ina takribani mita 340. Kwa hiyo nyota yaweza kuzimika Kamembe na isizimike Bukavu, ng'ambo tu ya mto Rusizi. Asiyeona kitu naye amepima, maana ameonyesha kivuli kinakoishia. Mahali pa nyota tumepewa na chombo cha Gaia kwa usahihi mkubwa. Hivyo sehemu ndogo ya sekunde ya giza, ikinaswa kwa darubini ndogo yenye kamera na saa ya GPS, huirekebisha obiti. Ndivyo ilivyofanyika Marekani tarehe 7 Machi 2021. Tarehe 13 Aprili 2029 Apophis itapita kama kilomita 32,000 juu ya ardhi, ionekane Afrika kwa macho matupu (mawingu ya masika yakiruhusu). Haitatugonga, ila mvuto wa Dunia utaipinda obiti yake, na upimaji utaanza upya.