Neno "Kurudi" katika Hadithi Mbili: Kipigo cha Nyumbani katika Fasihi ya Kihispania na ya Kanda ya Ziwa

Mtu afasiriye hadithi ya lugha ya mbali hudhani kwamba taabu yake itakuwa katika mambo mageni, kama vile majina ya vyakula na mavazi. Katika hadithi fupi ya Kihispania ya Emilia Pardo Bazán, "Las medias rojas", iliyotolewa mwaka 1914, mambo hayo ni mepesi. Medias ni soksi ndefu za kike, na rojas ni nyekundu. Taabu iko mahali pasipotazamiwa: ni kitenzi gani kitumike kwa jambo ambalo baba amfanyia binti yake? Kitenzi hicho ndicho kitakachoamua kama msomaji ataona dhuluma au ataona malezi.

Wasomaji ninaowafikiria ni wanafunzi wa Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, uliotengwa na Mkoa wa Shinyanga mwaka 2012. Wengi wao husema Kisukuma nyumbani, na Kiswahili huwa lugha ya shule na ya mahakama.

Hadithi yenyewe ni ya kurasa chache. Ildara ni msichana wa shamba katika Galicia, pembe ya kaskazini-magharibi ya Hispania, nchi ambayo watu wake wengi walihamia Amerika kwa sababu ya ufukara. Jioni moja arejea na kuni, ashughulika na moto, na baba yake, Clodio, aziona soksi nyekundu miguuni pake. Fedha zimetoka wapi? Binti asema ameuza mayai. Baba hasadiki. Binti amekwisha azimia kupanda meli kwa msaada wa wakala apelekaye watu ng'ambo, na baba, ambaye ni mtu mzima, hataki kuachwa peke yake. Ampiga usoni mpaka jicho moja lapofuka na jino lang'oka. Meli yaondoka bila Ildara, kwa kuwa huko walitakiwa wanawake wazima, wenye macho na meno yao. Mwandishi, ambaye mwaka 1916 alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa kiti cha uprofesa katika Chuo Kikuu cha Madrid, hahubiri popote. Aeleza tu.

Sasa, Clodio amefanya nini? Kiswahili chatupa maneno mengi: amempiga, amemwadhibu, amemtia adabu, amemfunza, amemrudi. Hili la mwisho ndilo la kutazamwa zaidi. Asili yake ni Kiarabu, na kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 yaonyesha kwamba, pamoja na maana ya kurejea, lina maana ya kuonya, kusahihisha na kuadhibu. Limezaa hata jina "marudi". Katika Biblia ya Kiswahili ya Union Version ya mwaka 1952, kwenye Waraka kwa Waebrania, Mungu mwenyewe ndiye arudiye, naye huwarudi awapendao. Neno lenye ukoo huo haliingii nyumbani mikono mitupu. Laja na mapendo ya mwenye kupiga na kosa la mwenye kupigwa, kabla hatujaambiwa lolote juya ya kosa hilo.

Kihispania nacho chalijua jambo hili. Kanuni ya Madai ya Hispania ya mwaka 1889 ilimpa baba uwezo wa kuwa-corregir watoto na kuwaadhibu kwa kiasi. Corregir ni kusahihisha, na tafsiri yake ya karibu ni "kurudi". Kanuni hiyo hiyo ilimwamuru mke amtii mumewe, na amri hiyo haikuondolewa mpaka mwaka 1975. Uwezo wa kuwa-corregir watoto ulifutwa mwaka 2007. Msomaji wa mwaka 1914 alijua, basi, kwamba Clodio alikuwa na jina la halali la kuita tendo lake. Suala la kiasi ndilo hadithi iliachialo jicho lijibu.

Si lazima twende Galicia kuyaona hayo. Ng'ambo ya maji kutoka pwani ya Simiyu kuna Ukerewe, alikozaliwa Euphrase Kezilahabi mwaka 1944. Katika riwaya yake Rosa Mistika, ya mwaka 1971, ambayo kwa muda ilizuiwa mashuleni, Zakaria, mwalimu aliyefukuzwa kazi kwa ulevi, ampiga binti yake Rosa vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana. Barua na soksi ni kitu kimoja: alama kwamba binti ana mlango mwingine wa kutokea. Tofauti ni kwamba Kezilahabi ametuonyesha pia mama, Regina, anayepigwa na mume huyo huyo. Pardo Bazán hakuweka mke katika kibanda cha Clodio, nami naona kwamba hapo riwaya yetu yasema zaidi.

Bariadi neno hili lina kazi nyingine pia. Kwa Wasukuma mahari ni ng'ombe, na Hans Cory, katika kitabu chake cha sheria na desturi za Kisukuma cha mwaka 1953, aliandika kwa urefu habari za mahari na kurejeshwa kwake ndoa inapovunjika. Basi mume humrudi mke, mke hurudi kwao, na ng'ombe hudaiwa warudishwe. Baba asiye na ng'ombe wa kutoa ana sababu ya kumwambia binti arudi kwa mume.

Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 chasema kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko, hata kama kuna desturi iliyo kinyume. Ni sheria njema, lakini hata yenyewe yasema "adhabu", na penye adhabu pana kosa. Katika uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2015-16, asilimia 58 ya wanawake na asilimia 40 ya wanaume walikubali kwamba mume ana haki kumpiga mkewe kwa angalau sababu moja kati ya zilizotajwa, kama kuunguza chakula au kutoka bila kuaga. Hesabu ya wanawake yapita ya wanaume, na mwenye kushangaa atazame tena neno "kurudi".

Katika Mahakama ya Mwanzo lugha ni Kiswahili. Mwanamke aliyezoea Kisukuma hueleza yaliyompata, na maneno yake hupita kwa mtu mwingine kabla ya kuandikwa. Akiandika "alipigwa", kuna shauri la kujeruhi. Akiandika "walikosana na mumewe, akamrudi", kuna ugomvi wa ndoa wa kupelekwa kwenye baraza la usuluhishi.

Kwa sababu hiyo naona inafaa msimulizi wa tafsiri aseme "alimpiga" tangu mwanzo hadi mwisho, na neno "kurudi" liachiwe Clodio, ambaye bila shaka angelitumia kama angeulizwa. Darasani mwalimu aweza kuacha nafasi tupu mahali pa kitenzi, awaombe wanafunzi waijaze kwanza kwa Kisukuma, kisha kwa Kiswahili, kabla hawajasoma ukurasa wa jicho. Wakiisha kuusoma, wairudie nafasi ile, na kila mmoja aseme kama atalibadili neno lake.