Star Wars Iliyokatwa Upya: Lipa Wapi, Usilipe Wapi

Mtu akikutajia bei ya filamu iliyohaririwa upya na mashabiki, rudisha pesa yako mfukoni kwanza. Kazi hizi hutengenezwa na watu wanaochukua filamu iliyokwishatoka, wakaikata, wakaipanga upya na kuigawa bure. Wenyewe wana masharti mawili wanayoyarudia kila mara: usiuze, na uwe na nakala halali ya filamu yenyewe. Kwa hiyo gharama yako ya kwanza ni diski halisi. Ya pili ni bando. Ya tatu, ambayo wengi huisahau, ni jioni nzima ya kuhangaika na runinga inayokataa kusoma faili.

Nakuandikia wewe mwenye pesa ya kitu kimoja tu wikendi hii.

Tuanze na iliyofungua njia. The Phantom Menace ilipotoka mwaka 1999, mashabiki wengi wa Star Wars walitoka ukumbini wamenuna. Mike J. Nichols, mhariri wa filamu wa California, akaikata upya akaiita The Phantom Edit, na kufikia 2001 kanda zake za VHS zilikuwa zimezagaa Marekani. Aliondoa karibu dakika 20. Wengi hudhani alimfuta Jar Jar Binks, yule kiumbe wa vichekesho. Hakumfuta. Alipunguza vichekesho vyake tu, na ghafla akawa mwenyeji anayewaonyesha wageni njia, badala ya kujikwaa kila hatua. Mtoto Anakin naye alipunguziwa kelele, akaonekana mtoto mzito wa mawazo, anayeweza kweli kukua akawa yule mwovu Darth Vader.

Lakini thamani hasa iko kwenye sentensi chache. Katika filamu ya 1999, ile Nguvu ya wapiganaji wa Jedi inaelezwa kwa vijidudu vya kwenye damu, vinavyopimika kama malaria. Nichols aliyaondoa maelezo hayo. Nguvu ikarudi kuwa jambo la imani na mazoezi, kama tulivyoijua 1977. Hakupiga picha mpya, hakuandika mazungumzo mapya, na bado hadithi imebadilika moyo wake. Ndiyo maana nazipenda kazi hizi na ndiyo maana inaniuma mtu anapouziwa feki.

Je, uitafute? Kama faili ni dogo na bando lipo, ndiyo. Ila ni kazi ya enzi ya kanda, usitarajie picha kali kwenye runinga ya inchi 50. Na hutaipata dukani: Lucasfilm, kampuni ya Star Wars, mwanzoni waliichukulia kama burudani ya mashabiki, kisha nakala zilipoenea wakakemea, na Nichols akaomba radhi hadharani.

Aina ya pili haifupishi kitu, inarudisha. George Lucas, muundaji wa Star Wars, alizibadilisha filamu tatu za mwanzo kutoka mwaka 1997, akaendelea kuzigusa kwenye DVD za 2004 na Blu-ray za 2011. Mfano unaozungumzwa zaidi ni wa baa ya Mos Eisley. Mwaka 1977 mlanguzi Han Solo anamwahi adui yake Greedo kwa risasi. Mwaka 1997 Greedo ndiye anayeanza, na Han anajihami tu. Tofauti ni ya nukta chache, lakini safari yote ya Han imepunguzwa: mtu aliyeanza akiwa mwema tayari hana mbali pa kwenda.

Mcheki Petr Harmáček alikusanya vipande kutoka vyanzo vingi akaijenga upya filamu ya 1977 ilivyokuwa, akaiita Despecialized Edition. Baadaye kundi jingine likachanganua nakala ya zamani ya sinema ya milimita 35, kazi hiyo wakaiita 4K77. Ya kwanza ni safi na nyepesi kidogo. Ya pili ina chembechembe za filamu na mikwaruzo, inanukia sinema ya zamani, na ni nzito. Kwa macho yangu, kwenye runinga ya kawaida ya inchi 32 hutaona faida ya 4K. Usiilipie bando.

Piga hesabu kabla hujabonyeza. Faili za namna hii huanzia GB chache na za 4K hufika makumi ya GB. Kama GB moja unaipata kwa shilingi 1,000, faili la GB 20 limekula shilingi 20,000, na likikatika katikati huenda ukaanza upya. Kuna njia halali iliyo rahisi: seti za DVD za mwaka 2006 zilikuwa na diski ya ziada yenye filamu ya 1977 bila mabadiliko. Picha yake ni hafifu, maana ilitokana na nakala za diski kubwa za leza za miaka ya tisini, lakini Han anapiga wa kwanza. Ukiikuta ya mtumba, angalia kwamba diski ya pili ipo ndani ya kasha.

Angalia pia namba ya eneo nyuma ya kasha. DVD za Marekani ni eneo 1, na Afrika Mashariki tuko eneo 5. Za Blu-ray, Marekani ni A, sisi ni B pamoja na Ulaya. Ndugu yako wa Chicago akikutumia zawadi, deki yako inaweza kuikataa. Ndugu wa London akituma Blu-ray, una nafuu.

Sasa gharama zilizojificha, maana hapa ndipo pesa inapovujia.

Flashi nyingi huja na mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja la GB 4 au zaidi hata kama flashi ni ya GB 64. Muuzaji atakwambia ununue kubwa zaidi. Usinunue. Ibadilishe kwenye kompyuta iwe exFAT, ni bure, ila inafuta kila kilichomo, na runinga za zamani haziisomi. Jaribu kwanza na faili dogo.

Sauti nayo ina mtego. Kama faili lina sauti ya DTS, runinga nyingi zitakuonyesha picha bila sauti. Tafuta lenye AC3, au chomeka kompyuta kwenye runinga kwa waya wa HDMI.

Maandishi ya tafsiri yanayopita chini ya picha ndiyo huwachosha watu zaidi. Yamepangwa kwa sekunde za filamu asili. Filamu ikikatwa dakika mbili, kila neno baada ya hapo linachelewa dakika mbili. Vivyo hivyo kwa wanaopenda filamu yenye sauti ya DJ anayesimulia kwa Kiswahili: sauti ile haihamishiki kwenye toleo lililokatwa. Kama bibi au watoto nyumbani hawafuati Kiingereza, usisumbuke na matoleo ya mashabiki.

Halafu kuna feki. Niliwahi kulipia flashi kwenye kibanda kimoja nikiahidiwa The Phantom Menace "iliyofupishwa". Dakika zilikuwa pungufu kweli. Jar Jar alikuwemo na vituko vyake vyote. Ilikuwa nakala ya diski ya PAL, mfumo unaotumika kwetu na Ulaya, ambao unaendesha picha 25 kwa sekunde badala ya 24. Filamu ya dakika 136 inaisha kwa takriban 130 bila kukatwa hata neno. Kwa hiyo ukitaka kujua unachouziwa, usiridhike na dakika. Nenda moja kwa moja pale Jedi aitwaye Qui-Gon anapopima damu ya mtoto Anakin. Kama maelezo ya vijidudu yapo, ni filamu ya kawaida.

Zilizobaki nazipitia haraka. Blade Runner ya 1982: acha ya mashabiki, nunua Final Cut ya 2007, iliyosimamiwa na Ridley Scott mwenyewe. Simulizi ya Harrison Ford juu ya picha haipo, mwisho wa furaha uliolazimishwa haupo, na swali kama mhusika mkuu, Deckard, naye ni binadamu linabaki wazi. Dune ya David Lynch, dakika 137, ilirefushwa kwa ajili ya televisheni mwaka 1988 na Lynch akaondoa jina lake. Katika baadhi ya vipande vilivyoongezwa, macho ya Fremen, wale watu wa jangwani, hayana hata ule ubuluu wao. Toleo la shabiki ajiitaye Spicediver linachanganya vyanzo hivyo kwa karibu saa tatu. Linafaa kwa aliyesoma kitabu tu. Steven Soderbergh aliikata 2001: A Space Odyssey hadi dakika 110 mwaka 2015, akaiondoa baada ya wenye haki kumwomba. Mwigizaji Topher Grace alizibana filamu tatu za mwanzo wa hadithi ya Vader kuwa dakika 85 mwaka 2012, akawaonyesha watu faraghani, basi. Hii ya mwisho, yeyote anayeiuza anakudanganya.

Na kama diski za Star Wars tayari unazo, mbinu ninayoipendekeza kuliko zote haihitaji bando. Inaitwa mpangilio wa Machete, umejulikana tangu 2011: tazama sehemu ya 4 (ile ya 1977), ya 5, rudi ya 2, ya 3, kisha ya 6. Mwishoni mwa ya 5 Vader anamwambia kijana Luke neno zito: kwamba yeye ndiye baba yake. Filamu mbili zinazofuata zinakuwa maelezo ya neno hilo, na ya 6 inafunga ukiwa tayari unajua baba alianguka vipi. Sehemu ya 1, yaani The Phantom Menace, imerukwa yote, kwa hiyo maelezo yake ya vijidudu na vichekesho vyake vimeondoka bila mkasi. Utakachokosa ni mbio za vyombo kwenye sayari ya Tatooine. Watoto huzipenda sana. Wawekee kipande hicho peke yake Jumamosi asubuhi.