Je, mraba ni mstatili? Tuulize klasi

Kwenye shule tulifunzwa kwamba kila mraba ni mstatili. Ni kweli. Lakini mu programu sentensi hiyo inaweza kukuharibia hesabu.

Klasi ni kielelezo tunachotengenezea vitu. Klasi ya Mstatili inachunga mambo mawili tu: urefu na upana. Eneo, mimi siliandiki pembeni. Klasi inalihesabu kila mara nikiuliza. Parseli ya mita 30 kwa 20 inajibu 600. Nikipunguza upana kuwa 10, inajibu 300 palepale.

Sasa wengi wetu tunafanya Mraba urithi Mstatili. Pande zake ni sawa, basi ukigusa upana, urefu nao unabadilika. Mwenzako ameandika kazi inayopokea mstatili wowote: inaweka urefu 5, kisha upana 4, inangojea 20. Mpe mraba, atapata 16. Programu hailalamiki hata kidogo, na njo hatari yenyewe: kama ni bei ya parseli, mtu ameisha kupoteza pesa.

Mwaka 1987, Barbara Liskov wa Marekani alieleza kanuni yake: mrithi aweze kukaa pahali pa mzazi bila kuharibu kazi.

Dawa ni mbili. Ao Mraba na Mstatili virithi vyote klasi ya Umbo, inayodai eneo tu. Ao vipimo vifungwe kitu kikiisha kuzaliwa. Mraba usiobadilika ni mstatili kweli. Unaobadilika, hapana.