Maneno ya Sheria: Kifaransa na Kiingereza

Wasikilizaji, leo twazungumza juu ya maneno ya mahakama katika lugha mbili, Kifaransa na Kiingereza. Jambo hili si la mbali nasi. Tanzania, Kenya na Uganda zilirithi sheria za Kiingereza; Kongo, Rwanda na Burundi zilirithi sheria zilizoletwa na Wabelgiji, ambazo asili yake ni kitabu alichokitoa Napoleon mwaka 1804. Mfanyabiashara wa Kigoma akidaiana na mtu wa Bujumbura, neno moja lililofasiriwa vibaya laweza kumpotezea haki yake.

Mwanafunzi aanzaye kazi hii hufurahi upesi, kwa kuwa maneno mengi yafanana. Mfaransa asema "juge", Mwingereza "judge", yaani hakimu. Sababu yake ni vita. Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandy, alivuka bahari akaishinda Uingereza, na lugha ya watu wake ikaingia mahakamani. Mwaka 1362 ilitolewa amri kwamba kesi zisemwe kwa Kiingereza, maana watu hawakukijua Kifaransa. Na amri hiyo yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa! Hata leo Mfalme akiridhia sheria, karani wa Bunge la London hutamka "Le Roy le veult", maana yake, Mfalme ataka hivyo.

Walakini kufanana huko ndiko kwenye mtego. Kwa Mwingereza "evidence" ni ushahidi. Kwa Mfaransa "évidence" ni jambo lililo wazi, na ushahidi huitwa "preuve". "Magistrate" wa Kiingereza ni hakimu wa mahakama ya chini. "Magistrat" wa Kifaransa aweza kuwa hakimu wa cheo chochote, hata mwendesha mashitaka wa serikali. "Mortgage" ni neno la Kifaransa cha kale, maana yake rehani iliyokufa, lakini Mfaransa wa leo husema "hypothèque".

Tena yako maneno yasiyo na mwenzake kabisa. "Juge d'instruction" hafundishi mtu, kama mwenye haraka awezavyo kudhani. Ni hakimu aliyepewa kazi ya kuchunguza kosa zito kabla ya kesi kusikilizwa, akitafuta ya kumtia mtu hatiani na ya kumwokoa pia. Waingereza hawana mtu kama huyu, basi usimtafutie jina. Eleza kazi yake.

Kielelezo kikubwa kilitokea Arusha. Mwaka 1994 Umoja wa Mataifa uliunda mahakama ya kuwahukumu walioshitakiwa kwa mauaji ya kimbari ya Rwanda, nayo ilifanya kazi kwa lugha hizi mbili mpaka ilipofungwa mwaka 2015. Katika sheria yake, miongoni mwa makosa juu ya ubinadamu, Kiingereza kiliandika "murder" na Kifaransa "assassinat". Sasa tazameni. "Murder" ni kuua kwa kusudi, wala si lazima muuaji awe ameazimia tangu mapema. "Assassinat" ni kuua kwa kusudi pamoja na azimio la mapema. Kuua kwa kusudi pasipo azimio hilo Wafaransa hukuita "meurtre", na katika sheria ya Ufaransa adhabu yake kubwa ni miaka 30, bali ya "assassinat" ni kifungo cha maisha.

Basi, mshitaki athibitishe lipi? Katika kesi ya Akayesu, tarehe 2 Septemba 1998, mahakimu walisema tafsiri ya Kifaransa ina kosa, na neno lililopasa ni "meurtre". Mwaka 1999, katika kesi ya Kayishema na Ruzindana, mahakimu wengine wa mahakama ile ile wakataka azimio la mapema. Sheria moja, mji mmoja, na mizani mbili!

Kwa hiyo daftari lenye safu mbili, neno kwa neno, halitoshi. Kando ya kila neno andika ni mahakama gani, na kesi ya namna gani. Penye "accusé" andika: mshitakiwa wa kosa kubwa, mbele ya "cour d'assises". Penye "prévenu": mshitakiwa wa kosa la kati, mbele ya "tribunal correctionnel". Penye "défendeur": mdaiwa katika kesi ya madai. Mwingereza aweza kuwaita wote watatu "defendant".