Refa wa Kikapu Husimama Wapi, na kwa Nini?

Je, wajua kwamba refa wa mpira wa kikapu anaweza kuwa na macho makali kuliko watu wote uwanjani na bado akakosea, kwa sababu tu amesimama hatua moja kando ya pale alipotakiwa kuwa? Jijini Bujumbura, timu za Urunani na Dynamo zikikutana kwenye uwanja wa Departementi, mashabiki hawana simile na mwenye filimbi. Ataitwa kipofu, ataambiwa kapendelea. Anayetaka kujua kama uamuzi ulikuwa wa haki aanze kwa kutazama miguu ya refa: alikuwa wapi mkono ulipogusa mkono?

Kazi iliyogawanywa tangu mwanzo

James Naismith alipobuni mchezo huu mwaka 1891 huko Springfield, Marekani, aliandika sheria 13. Ndani yake aliweka waamuzi wawili wenye kazi mbili tofauti: mmoja awaangalie wachezaji na makosa yao, mwingine auangalie mpira. Tangu siku hizo ilijulikana kwamba mtu mmoja hawezi kuona yote.

Leo uwanja rasmi una urefu wa mita 28 na upana wa mita 15, yaani mita za mraba 420. Ndani yake wanakimbia watu 10, na timu yenye mpira ina sekunde 24 za kutupa. Ligi ya NBA ilijaribu kutumia waamuzi watatu msimu wa 1978–79, ikarudi kwa wawili, kisha ikawachukua watatu moja kwa moja kuanzia msimu wa 1988–89. Shirikisho la dunia, FIBA, linaruhusu mchezo uchezeshwe na wawili au watatu.

Watatu, kila mmoja na eneo lake

Wakiwa watatu, wa kwanza ni mwamuzi wa mbele. Huyu husimama nje ya mstari wa mwisho, chini ya kikapu kinachoshambuliwa, lakini si katikati kabisa. Hukaa upande mmoja, kati ya ukingo wa ubao na mstari wa pointi tatu, akitazama miguu, viuno na mabega ya wanaogombea nafasi karibu na kikapu.

Wa pili ni mwamuzi wa nyuma. Husimama upande uleule wa mwenzake wa mbele, juu karibu na mstari wa katikati, akiwa na mpira mbele yake. Yeye humlinda anayedunda mpira na anayetupa kutoka mbali.

Wa tatu ni mwamuzi wa kati, na mahali pake ni mstari wa pembeni wa upande wa pili, usawa wa mstari wa mitupo huru. Watazamaji wengi humwona kama mtu aliyesahaulika, kwa kuwa mara nyingi mpira hauko kwake. Kumbe ndiye anayeona yale yanayofichika nyuma ya migongo: beki anayevuta jezi, mkono unaosukuma kiuno wakati watu wote wanatazama mpira ukiwa hewani.

Wakiunganishwa kwa mistari, watatu hawa hufanya pembetatu, na wachezaji wote 10 huwa wamezungukwa na macho.

Pembe kwanza, ukaribu baadaye

Watu hudhani refa akisogea karibu ndipo ataona vizuri zaidi. Simama nyuma ya mgongo wa mtu anayemsalimia mwenzake, uone kama utajua mikono yao imegusana. Hata ukimkaribia mpaka umguse, bado mgongo utakuziba. Piga hatua moja kando, na mikono yote miwili itaonekana.

Hesabu yake ni rahisi. Mwamuzi aliye mita 5 kutoka kwa wachezaji wawili waliopangana mstari mmoja na jicho lake akisogea mbele mita 1, mstari wa jicho lake ni uleule. Akisogea mita 1 kando, unageuka kwa takriban digrii 11, na ule upenyo kati ya miili miwili unaanza kufunguka. Ndiyo sababu waamuzi hufundishwa kutafuta upenyo huo. Mwamuzi anayeona mwanga kati ya mshambuliaji na beki anaweza kusema kwa uhakika kama waligusana, na nani alimfuata mwenzake.

Jicho lenyewe lina mipaka. Sehemu inayoona kwa ukali kabisa ni ndogo mno, kama digrii 2 hivi, sawa na upana wa kidole gumba mkono ukiwa umenyooshwa. Jicho linaporuka kutoka kitu kimoja hadi kingine, ubongo hauipokei picha ya safari hiyo. Kwa hiyo mwamuzi anayekimbiza macho huku na huku hupoteza vipande vya mchezo bila kujua. Mafunzo ya FIBA yanasisitiza kwamba mwamuzi awe ametulia wakati wa kuamua, kichwa kisitikisike, na mbali kiasi cha kuona mwili mzima wa mchezaji, kuanzia miguu inayotua hadi mkono unaozuia.

Kuzunguka na kukimbia

Pembetatu haikai palepale. Mpira ukihamia upande wa mwamuzi wa kati na ukabaki huko, mwamuzi wa mbele ndiye anayeanzisha mzunguko: huvuka chini ya kikapu kwenda upande ule. Papo hapo mwamuzi wa kati hupanda juu na kuwa wa nyuma, naye wa nyuma hushuka na kuwa wa kati. Hakuna anayepiga filimbi kuitangaza safari hiyo. Kila mmoja humtazama mwenzake na kujua mahali pake papya.

Mpira ukinyakuliwa na mashambulizi yakageuka, aliyekuwa nyuma sasa ndiye wa mbele. Anatakiwa afike mstari wa mwisho wa upande wa pili na kuwa tayari ndani ya sekunde 4 hivi. Akichelewa, atauona mgongano wa chini ya kikapu kwa nyuma, huku mgongo wa mshambuliaji ukimziba.

Tuchukue mfano. Mshambuliaji anaingia kwa kasi, beki anasimama mbele yake, wote wanaanguka. Kosa ni la nani? Inabidi kujua kama beki alikuwa amewahi nafasi yake kihalali, na kama alisimama ndani ya ule mchoro wa nusu duara wenye nusu kipenyo cha mita 1.25 chini ya kikapu. Mwamuzi wa mbele aliyewahi kufika na kutulia alianza kumtazama beki kabla ya mgongano. Aliyekuwa bado anakimbia aliona watu wawili chini tu, na sasa anabahatisha.

Waamuzi wawili na jua la jioni

Wakiwa wawili, hubaki wa mbele na wa nyuma, wakisimama kimshazari ili wachezaji wote wawe kati yao. Mita za mraba ni zilezile 420, ila jicho la tatu halipo. Ndiyo maana wa nyuma hulazimika kuingia ndani zaidi ya uwanja, na wote wawili hukimbia zaidi.

Kwenye viwanja vya wazi vya Bujumbura kuna jambo jingine. Jua huzama upande wa Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima. Uwanja ukiwa umeelekezwa kaskazini na kusini, halimchomi usoni mwamuzi wa mbele. Analikabili yule aliye pembeni upande wa mashariki. Uwanja ukielekezwa mashariki na magharibi, mwamuzi wa mbele wa upande mmoja analo machoni kila shambulizi.

Mwezi Machi 2024, Dynamo iliifunga Cape Town Tigers 86–73 mjini Pretoria katika Ligi ya Kikapu ya Afrika, BAL, kabla ya kuondolewa mashindanoni kutokana na mzozo wa jezi. Kule mchezo huchezeshwa na waamuzi watatu. Vijana wa Bujumbura wameonyesha kwamba wanaweza kufika huko kwa kucheza. Wanaweza kufika pia kwa filimbi. Kila kocha anayefundisha watoto kutupa na kudaka awape pia zamu ya kuchezesha, awaonyeshe pa kusimama na sababu yake. Mtoto aliyewahi kukosa kuliona kosa la wazi kwa kuwa alisimama vibaya atacheza kwa heshima zaidi, na miongoni mwa watoto hao ndimo watakamotoka waamuzi tunaowahitaji.