Bukavu: Bingwa wa maneno hushinda kabla ya kuingia studio

Mwaka 2024 televisheni ya Ufaransa ilifunga « Des chiffres et des lettres », mchezo wa herufi na hesabu ambao wakaaji wengi wa Bukavu waliujua kupitia TV5. Ulikuwa umedumu zaidi ya miaka 50. Hapa mjini habari hiyo ilipita bila kelele, watu walikuwa na mambo mengine ya kufikiria. Lakini katika nyumba zilizokuwa na dekoda na mwalimu, kuna waliosikitika. Baba yangu ni mmoja wao.

Kwetu Kadutu, emisyo ile ilikuwa saa ya kunyamaza. Baba, mwalimu wa Kifaransa, alichukua biki na kaye, akaandika herufi tisa zilezile zilizotoka kwenye kioo, akaanza kutafuta neno. Sisi watoto tulikatazwa hata kukohoa. Alipata neno la herufi sita, siku nzuri saba. Bingwa wa kule Paris alisema « neuf » kama mtu anayesalimia jirani. Mara nyingi umeme ulikatika kabla ya mwisho, tukabaki gizani bila kujua nani ameshinda.

« Yule hatushindi akili, » baba alizoea kusema. « Amefanya mazoezi tu. »

Nilifikiri anajifariji. Miaka mingi baadaye, nilipoanza kufuatilia rekodi za michezo ya aina hii, nilikuta kwamba mzee alikuwa karibu sana na ukweli.

Mchezo wenyewe ulianza mwaka 1965, kwa jina la « Le mot le plus long », yaani neno refu kuliko yote. Aliyeubuni ni mtayarishaji Armand Jammot. Mwaka 1972 ulipata sehemu ya hesabu na jina ambalo sisi tulilijua. Tarehe 2 mwezi wa 11 mwaka 1982, Waingereza waliuchukua na kuuita « Countdown », wakaurusha siku ileile chaneli yao mpya, Channel 4, ilipofunguliwa. Wao wanaendelea nao hadi leo.

Nachukua mfano wa Waingereza kwa sababu pointi zao ni rahisi kufuata. Wachezaji wawili wanapewa herufi tisa na sekunde 30. Kila herufi ya neno ni pointi moja: neno la herufi saba, pointi saba. Mwenye neno refu anachukua pointi zake, mwenzake anapata sifuri. Wakilingana, wote wawili wanapata. Lakini anayetumia herufi zote tisa hapewi tisa, anapewa 18. Hapo ndipo rekodi zinapozaliwa.

Pointi 146

Mwezi wa 12 mwaka 2002, mchezaji mmoja anayeitwa Julian Fell alimaliza mchezo mmoja wa « Countdown » akiwa na pointi 146. Rekodi hiyo ilikaa zaidi ya miaka kumi bila kuvunjwa. Msomaji ambaye hajawahi kucheza anaweza kuona ni namba tu, basi tuifungue.

Wakati ule mchezo ulikuwa na raundi 15: raundi 11 za herufi, tatu za hesabu, na moja ya mwisho ya fumbo la neno la herufi tisa. Ukipata hesabu kamili unapewa pointi kumi, na fumbo ni kumi pia. Hata mtu akipata zote nne bila kosa, hizo ni 40. Zinabaki 106, na lazima zitoke kwenye raundi 11 za herufi. Sasa, kama angepata neno la herufi nane katika kila raundi, jambo ambalo tayari si la kawaida, angefika 88. Kwa hiyo ilimbidi apate maneno ya herufi tisa angalau mawili, na katika raundi nyingine zote asishuke sana. Haya yote kwa sekunde 30 kila mara, taa zikimwaka usoni. Katika michezo yake minane ya kwanza alikusanya pointi 924, wastani wa zaidi ya 115 kwa mchezo.

Kwa nini minane? Kwa sababu kanuni za Waingereza zinamsimamisha bingwa baada ya ushindi nane mfululizo. Anaenda nyumbani kusubiri fainali za msimu, ili mtu mmoja asikalie kiti mwaka mzima. Wamarekani walikuwa na kikomo kama hicho kwenye « Jeopardy! », mchezo wa maswali: ushindi tano, kwaheri. Mwaka 2003 walikiondoa. Mwaka uliofuata Ken Jennings alishinda mara 74 mfululizo na kuondoka na zaidi ya dola milioni mbili na nusu. Watazamaji waliongezeka. Kumbe watu hupenda kumwona bingwa akishinda tena na tena, na hupenda zaidi kuwepo siku anapoanguka.

Bingwa wa « Countdown » yeye hapati dola. Zawadi inayojulikana ya mchezo ule ni birika la chai. Mtu anajifunza miaka mitatu, minne, anashinda, anapanda treni kurudi kwao na birika kwenye sanduku. Wenzetu wanaoshinda siku nzima kwenye vibanda vya kubeti hapa mjini wataona hiyo ni hadithi ya wendawazimu.

Wanajifunza nini?

Mwaka 2005 mtoto wa miaka minane alishinda michezo miwili ya « Countdown » mbele ya watu wazima. Kijana mwingine, Conor Travers, alikuwa bingwa wa msimu akiwa na miaka 14, kisha mwaka 2013 akarudi kushinda mashindano maalum ya miaka 30 ya mchezo. Mtoto wa miaka minane hawezi kujua lugha kuliko profesa. Kwa hiyo kinachopimwa pale si elimu ya lugha kama tunavyoielewa sisi.

Kinachopimwa ni jicho. Mchezaji mzoefu hasomi herufi moja moja, anaona mafungu. Kwa Kiingereza akiona I, N na G anaziweka pembeni haraka, kwani maneno mengi yanaishia hivyo. Kwa Kifaransa anatafuta -IONS, -AIENT, -ERAIT. Pili, anajua kwa moyo maneno yanayoshiriki herufi zilezile. CHIEN, NICHE na CHINE ni herufi tano zilezile. Kwa Kiswahili, mtu akikupa A, I, K na L, wewe utasema KILA. Aliyefanya mazoezi atasema pia KALI na LAKI kabla hujamaliza kuvuta pumzi.

Mfano unaoniumiza kidogo, mimi kama mtoto wa mwalimu wa Kifaransa, ni wa mwezi wa saba mwaka 2015, huko Louvain-la-Neuve, Ubelgiji. Si mchezo wa televisheni, ni Scrabble, ndugu yake wa mezani. Katika fainali ya dunia ya Scrabble ya Kifaransa alikuwepo Mwafrika mwenzetu, Schelick Ilagou Rekawe wa Gabon, mtu aliyekulia katika lugha hiyo. Mbele yake alikaa Nigel Richards wa New Zealand, ambaye hazungumzi Kifaransa. Richards alikuwa amekariri kamusi rasmi ya mchezo kwa muda wa wiki tisa hivi. Alishinda. Hakujua maana ya maneno mengi aliyoyaweka mezani, na hakuna kanuni iliyomtaka ajue.

Mwezi wa 11 mwaka huohuo, Mnigeria Wellington Jighere alishinda ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza huko Perth, Australia, akiwa Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo, na rais wa nchi yake akampigia simu kumpongeza. Kwa hiyo si kwamba Waafrika hawawezi. Sharti ni moja: kuwe na orodha ya maneno iliyofungwa, inayojulikana, ambayo mtu anaweza kuikariri chumbani kwake kabla ya kwenda studio. Asiye na orodha hawezi kuweka rekodi, kwani hakuna wa kumhakikishia kwamba neno lake ni neno.

Na kwa Kiswahili je?

Mashuleni kwetu tunayo « Génies en herbe », mashindano ya maswali yaliyochukua jina la emisyo ya Radio-Canada ya mwaka 1972. Watoto wanajibu miji mikuu, tarehe za vita, majina ya wavumbuzi, kwa Kifaransa. Ni kazi nzuri na inajaza ukumbi. Kiswahili, ambacho katiba ya mwaka 2006 inakitaja kati ya lugha nne za taifa, kinabaki nje ya mlango pamoja na wauza karanga.

Likizo iliyopita nilijaribu kitu. Tulikuwa na sanduku la Scrabble la Kifaransa nyumbani, nikawaita mpwa wangu wa kiume na dada yake tucheze kwa Kiswahili. Dakika kumi hazikuisha. Sanduku la Kifaransa lina E 15 na A tisa. K ni moja tu, W ni moja tu, na kila moja ina thamani ya pointi kumi kwa sababu Wafaransa hawazihitaji sana. Kijana alitaka kuandika KIKAPU. Haiwezekani bila joka, zile karata tupu, kwa sababu K ya pili haipo. KUKU hivyohivyo. Hata BUKAVU ilitushinda siku hiyo, maana K ilikuwa imeshatumika.

Basi tukakusanya vifuniko vya Primus kutoka kwa mama mwenye nganda jirani, tukaandika herufi kwa maka. Tulitupa Q na X. Tukaongeza A hadi nusu ya watoto wa mtaa wakaja kuuliza kama tunafungua duka. Tukaamua tucheze kama kwenye televisheni: herufi kumi, nusu dakika kwa simu.

Raundi ya kwanza ilitoa A tatu, I mbili, K mbili, P, T na U. Kijana akaandika KIKAPU, herufi sita, akafurahi. Dada yake akageuza kaye yake: ATAKUPIKIA. Herufi kumi zote.

Palikuwa na vita. Kijana alisema hilo si neno, ni sentensi nzima: kwa Kifaransa ungesema « il cuisinera pour toi », maneno manne. Dada alijibu kwamba Kifaransa kinapokea MANGERONS, na Kiswahili kinaandika hivyo, bila nafasi katikati, kwa hiyo ni neno moja. Wote wawili walikuwa na haki. Na hapa ndipo ugumu wenyewe ulipo. Ukiruhusu vitenzi na viambishi vyake vyote, nani atakosa herufi kumi? Kila mtu atakuwa Julian Fell, na rekodi haitakuwa na maana. Ukivikataza, unabaki na nomino fupi na vitenzi vya aina ya PIKA, na umekata moyo wa lugha yenyewe. Mimi ningeruhusu kitenzi chenye mnyambuliko, PIKIA au PIKIANA, bila kiambishi cha mtu wala cha wakati. Dada mtu hakukubali, na sikuweza kumwambia ni nani amepitisha kanuni yangu.

Halafu kuna suala la tahajia. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 na Kamusi Kuu ya BAKITA ya mwaka 2015 zote zimetoka Tanzania, nazo zinaandika MTU na MTOTO. Sisi hapa tunasema MUTU na MUTOTO. Kwa mchezo wa herufi, hiyo ni pointi moja ya bure kwa kila mkaaji wa Kivu. Mwamuzi wa Dar es Salaam ataikataa bila kufikiri mara mbili. Na ikiwa atatusikiliza sisi, wa Mombasa watauliza kwa nini wao hawakuulizwa.

Tulimpelekea baba kesi ya ATAKUPIKIA. Siku hizi macho yake hayaoni vizuri, ilibidi nimsomee herufi moja moja. Alizirudia kwa sauti ndogo, kidole kikipiga goti, kama zamani mbele ya kioo. Hakusema kama neno linapita au halipiti. Alisema ameona KIPATA, halafu akasita, akaomba tumsomee tena.

Jioni mpwa wangu wa kike aliweka SOMBE. Kaka yake akatafuta kwenye kamusi iliyokuwa kwenye simu yake, hakuliona. Alipata KISAMVU. Akakata pointi tano za dada yake kwa mstari mrefu wa biki. Wakati huo mama alikuwa anapakua, na dada mtu akamwambia kaka yake kwamba kama hilo si neno, basi asile.